Vitabu vya historia ya Kusini virudi katika Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nizungumzie jambo lililonikaa moyoni tangu nilipostaafu ualimu. Vitabu vya historia, siasa na jamii vinavyoihusu mikoa yetu ya Mtwara na Lindi ni vingi kuliko watu wanavyodhani, lakini vilivyo vingi vimeandikwa kwa Kiingereza au kwa Kijerumani, na mwenyeji wa huku, ambaye ndiye anayesimuliwa humo, hawezi kuvisoma. Nayasema haya nikijua kwamba sehemu kubwa ya yaliyomo ilitoka vinywani mwa wazee wetu, tena mara nyingi ilitoka kwa Kiswahili. Kwa hiyo anayevitafsiri vitabu hivyo hatufanyii hisani, anarudisha kilichochukuliwa.

Mwaka jana mjukuu wangu, aliyekuwa kidato cha pili, alikuja likizo hapa Mikindani na daftari lake la historia. Alikuwa amekariri sababu za kushindwa kwa Vita vya Maji Maji, zimepangwa kwa namba, kwa Kiingereza, na alizitaja zote bila kukosea. Nikamwuliza vita hivyo vilianzia wapi. Akasema, "Kusini mwa Tanganyika, Babu." Nikamwuliza kusini ipi, akanyamaza. Mtoto huyu kila anaporudi Dar es Salaam hupita kwa basi Nangurukuru na Somanga, huku milima ya Umatumbi ikiwa upande wake wa kushoto, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni huko, katika kijiji cha Nandete, wilaya ya Kilwa, ndiko wakulima walikoing'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, mwezi Julai 1905. Wala kwamba Kinjikitile Ngwale, mganga aliyewapa wapiganaji maji ya dawa, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, mahali ambapo si mbali na barabara anayopita. Simlaumu mtoto, wala simlaumu mwalimu wake, maana nami nimefundisha kwa miaka mingi na najua mwalimu hufundisha kwa kile alichonacho mezani.

Habari hizo zimeandikwa, na zimeandikwa vizuri. Mwaka 1968 chuo kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wake vijijini kuwahoji wazee juu ya vita hivyo, wakati ambapo bado walikuwapo waliovishuhudia kwa macho yao wakiwa vijana au watoto. Wakati uleule Gilbert Gwassa na John Iliffe walichapisha kumbukumbu za vita hivyo, wakiyaweka maneno ya wazee kando ya maandishi ya watawala. Wazee wale hawakuhojiwa kwa Kiingereza. Walisema kwa Kiswahili na kwa lugha zao za nyumbani, barazani kwao, wakiwaambia vijana waliowaita wajukuu. Lakini ripoti zilipoandikwa, kwa sehemu kubwa ziliandikwa kwa Kiingereza, na kila ninapoyasoma mahojiano hayo najikuta ninakitafuta Kiswahili kilichofichika nyuma ya kila sentensi, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya nyumbani kwake kupitia ukuta wa jirani.

Wala si Maji Maji peke yake. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliitungia vita hiyo utenzi kwa Kiswahili, naye alikuwa mtu wa zama zilezile. Utenzi wake ulichapishwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1933, ukifuatana na tafsiri ya Kijerumani, na ukachapishwa tena mwaka 1957 na W. H. Whiteley, safari hii ukifuatana na tafsiri ya Kiingereza. Kabla ya hapo, mwaka 1907, Carl Velten alichapisha Berlin habari za kale za miji yetu, Lindi, Sudi na Mikindani, zilizoandikwa kwa Kiswahili na watu wa pwani hii. Leo mwanafunzi anayezitaka habari za Mikindani huelekezwa kwenye tafsiri ya Kiingereza iliyotolewa na Freeman-Grenville mwaka 1962. Naomba wasomaji walitafakari jambo hili kwa utulivu: maneno yaliyosemwa na babu zetu kwa lugha ninayoandikia barua hii, kijana wa Mikindani anayasoma kwa lugha ya tatu, tena akibahatika kuyapata.

Nitataja na barua moja, kwa sababu naipenda sana. Mwaka 1890 Machemba, mtawala wa Wayao katika nyanda za Makonde, alimjibu Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliyemtaka anyenyekee. Aliandika kwa Kiswahili. Alimwambia kwamba kama shida ni urafiki, yuko tayari leo na siku zote, lakini kuwa chini ya utawala wake hawezi, na kwamba hatakwenda kuanguka miguuni pa mtu ambaye ni kiumbe wa Mungu kama yeye. Barua hiyo inanukuliwa katika vitabu vikubwa vya historia ya Afrika, vinavyosomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima, na huko inanukuliwa kwa Kiingereza. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kuona kitabu cha kiada kilichoiweka mbele ya watoto wa Newala, Masasi na Tandahimba kwa maneno ya Kiswahili ambayo Machemba mwenyewe aliyachagua.

Kuna vingine ambavyo nitavitaja kwa haraka. Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, vita vikiwa havijapoa, akarekodi nyimbo na kuandika juu ya mila zetu. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908 na kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Kimejaa dharau ya wakati wake, na kwa sababu hiyohiyo nakitaka kisomwe na sisi, maana mtu aliyesemwa vibaya ana haki ya kujua alivyosemwa. J. Gus Liebenow alitoa mwaka 1971 utafiti wake juu ya utawala wa kikoloni na siasa za Wamakonde. Felicitas Becker alitoa mwaka 2008 kitabu juu ya namna Uislamu ulivyoenea katika vijiji vya kusini-mashariki tangu mwaka 1890. Vyote viwili ni vya Kiingereza, na masheikh na wazee wa ukoo ambao wangeweza kuvijadili kwa kina hawajui kama vipo.

Hapa niruhusu nieleze yaliyonipata mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya vurugu za kupinga bomba la gesi hapa Mtwara mwaka 2013, alikuja nyumbani kwangu mtafiti kijana, mwenye adabu, akiwa na kibali na barua za utambulisho. Nilimkaribisha barazani, mke wangu akaleta chai na mihogo, na kwa siku mbili tulizungumza juu ya bandari, bei ya korosho, bomba la gesi na yale ambayo watu wa Mtwara walitarajia wakayakosa. Kinasa sauti chake kilikuwa juu ya mkeka, katikati yetu, na kila adhana ilipoadhiniwa alikizima, akangoja nirudi msikitini. Aliniahidi kwamba kazi ikikamilika ataniletea nakala. Sikuiona. Baadaye niliambiwa kwamba tasnifu ilikamilika, kwa Kiingereza, katika chuo cha nchi za nje, na kwamba ndani yake nimo kama "mwalimu mstaafu, mwanamume, Mikindani". Sina kinyongo na kijana yule. Ninachohuzunikia ni kwamba nilisema mambo mazito kwa lugha yangu, na leo siwezi kujua kama nilieleweka.

Kueleweka ndiko kunakonisumbua zaidi, kwa kuwa kitabu kisichorudi kwa wenyewe hakina wa kukisahihisha. Nina rafiki mzaliwa wa Nachingwea, ambaye baba yake alikuwa kibarua katika reli ya karanga. Wasomaji vijana huenda hawaijui habari hiyo: kuanzia mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilifyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea ili ilime karanga kwa matrekta, ikajenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, na ulipofika mwaka 1951 mpango wote ukawa umeachwa, baada ya kupoteza takribani pauni milioni 36. Reli yenyewe ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mataruma yake yakang'olewa. Nina kitabu kimoja cha Kiingereza juu ya mpango huo, na jioni moja, baada ya swala ya alasiri, nilikuwa nikimsomea rafiki yangu, nikitafsiri papo kwa papo. Nikakwama kwenye neno moja la kazi ya reli, nikaanza kulieleza kwa mzunguko mrefu. Akanikatiza. "Mwalimu, sema tu pale treni zilipopishana. Palikuwa na mkorosho mkubwa. Mama alinituma pale kuuza mihogo ya kuchemsha, na dereva mmoja alikuwa ananunua sinia zima."

Mkorosho ule haumo kitabuni. Mama muuza mihogo hayumo. Kitabu kina hesabu za tani na pauni, kina mabishano ya Bunge la London, kina majina ya mameneja, na vyote hivyo ni vya kweli na vina faida. Lakini namna reli hiyo ilivyolisha nyumba moja ya Nachingwea, na nyumba hiyo ilivyofanya reli ilipong'olewa, anaijua mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 75 ambaye hajawahi kuulizwa, kwa kuwa hajui kama kuna mahali pa kuongezea neno lake. Tuliendelea hivyo kwa wiki tatu. Mara mbili alinisahihisha majina ya mahali ambayo mwandishi ameyakosea, nami nikayaandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa. Watu kama yeye wanapungua kila masika. Tafsiri itakayotoka miaka 20 ijayo itasomwa na watu wasioweza tena kusema, "Hapana, haikuwa hivyo, mimi nilikuwapo."

Najua hoja mbili ambazo hutolewa kila suala hili linapoibuka. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kutosha kwa vitabu vizito vya siasa na historia. Hoja hii hunishangaza kuisikia katika nchi ambayo Mwalimu Nyerere aliandika Tujisahihishe mwaka 1962 na Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania mwaka 1993, vyote kwa Kiswahili, na katika kijitabu hicho cha pili akachambua muundo wa Muungano, Katiba na mwenendo wa viongozi kwa ukali ambao hata leo unasisimua. Mzee Ali Hassan Mwinyi alitupa kumbukumbu za maisha yake, Mzee Rukhsa, mwaka 2021, kwa Kiswahili kinachonukia pwani. Mwana wa mkoa wetu, Mzee Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, alitoa kitabu chake mwaka 2019 kwa Kiingereza. Nilikisoma kwa heshima, na sehemu zinazohusu utoto wake kijijini nilizisoma mara mbili. Lakini nilipokifunga nilijiuliza ni nani Lupaso atakayekaa na watoto wake jioni akawasomea, kwa sababu simulizi za kijiji zilistahili kurudi kijijini kwanza.

Upo pia mfano wa karibu zaidi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, ndani ya mkoa wa Lindi. Mamia ya watu wetu walifanya kazi hiyo, wakiongozwa na msimamizi Boheti bin Amrani, na zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake zilibebwa kwa vichwa na mabega mpaka bandari ya Lindi, zikapakiwa melini. Mfupa kwa mfupa ukaunganishwa, na leo katika jumba la makumbusho la Berlin amesimama mnyama mwenye urefu wa zaidi ya meta 13 kwenda juu. Historia ya msafara huo iliandikwa na wanahistoria kwa Kijerumani mwaka 2018, na baadaye Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaitoa kwa Kiswahili, kwa jina la Vipande vya Dinosaria. Paleontolojia, ukoloni, sheria ya mali za kale, madai ya kurudishiwa mifupa: yote yamesemwa kwa Kiswahili na yanasomeka. Aliyefanya hivyo kwa Tendaguru anaweza kufanya hivyo kwa Umatumbi, kwa Makonde na kwa reli ya Nachingwea.

Hoja ya pili ni ya soko: kwamba Watanzania hawanunui vitabu, na watu wa Kusini ndio kabisa. Hii naijibu kwa nililoliona. Katika stendi ya Masasi na katika masoko ya Mtwara, meza za vitabu zina vitabu vya kiada, vya marudio ya mitihani, vya dini, na vile vya kufundisha namna ya kupata utajiri. Kitabu cha historia ya mahali muuzaji anaposimama hakipo mezani, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba watu wamekikataa. Msimu wa korosho, minada ikishafanyika na malipo yakaanza kuingia, mkulima hununua bati, pikipiki, vitenge na sare za shule. Wangapi wangetoa pesa kwa kitabu kinachotaja kijiji chao, sijui idadi yao, lakini nimewaona wazee wakipigania nakala moja ya gazeti hili kwa sababu tu ukurasa wa ndani ulikuwa na picha ya ghala la chama chao cha msingi. Kiwanda cha uchapaji nacho tunacho hapahapa: watawa Wabenediktini wa Ndanda wamechapa vitabu vya Kiswahili kwa miongo mingi na kuvisambaza mpaka nje ya mikoa yetu.

Ombi langu la kwanza nalielekeza kwako, Mhariri. Gazeti lako hutenga kurasa nzima kwa michezo na burudani, na sina ugomvi na hilo. Naomba nusu ukurasa kwa wiki kwa ajili ya uhakiki wa vitabu vya historia, siasa na jamii, hata vile vya Kiingereza, viandikiwe muhtasari wa haki kwa Kiswahili ili msomaji ajue kilichomo na alinganishe na anachokijua. Uhakiki huo uandikwe na watu wanaosoma kitabu mpaka mwisho. Wasomaji wa wilayani wakiandika kusahihisha, barua zao zichapwe.

La pili nalielekeza kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo ndiyo hutoa vibali vya utafiti. Kila mtafiti anayekuja kuwahoji watu, awe wa ndani au wa nje, apewe sharti la kuacha muhtasari wa kazi yake kwa Kiswahili, si kurasa mbili za shukrani, bali maelezo kamili ya alichokikuta na alichokihitimisha, na nakala ziwekwe katika maktaba ya mkoa na katika ofisi ya kijiji alikofanyia kazi. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na tiketi ya ndege iliyomleta.

La tatu linahusu Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Ni tuzo njema, nami nimefurahi kuona riwaya na mashairi yakipewa heshima. Lakini Mwalimu mwenyewe, pamoja na mashairi na tafsiri zake za tamthiliya, alikuwa kwanza mwandishi wa hoja. Liongezwe kundi la vitabu vya historia na jamii, na ndani yake tafsiri zihesabiwe, kwa kuwa kumtafsiri mwanahistoria kwa uaminifu ni kazi ya miaka, na anayeifanya hivi sasa anaifanya kwa mafuta ya taa ya nyumbani kwake.

Kwa upande wangu, ile kazi tuliyoianza barazani nimeiendeleza. Nina madaftari matano makubwa yenye tafsiri ya sura za mpango wa karanga zinazohusu Nachingwea na bandari ya Mtwara, na pembeni mwa kila ukurasa nimeandika maelezo ya rafiki yangu na ya wazee wengine wawili, kila moja likiwa na tarehe liliposemwa. Haki za mwandishi nazitambua, na sitachapa kitu bila idhini ya wenye kitabu. Iwapo yupo mchapishaji aliye tayari kuifuatilia idhini hiyo, anuani yangu iko ofisini kwako, nami nitayaleta madaftari hayo mwenyewe hadi Dar es Salaam, kwa basi lile linalopita Somanga.

Wako msomaji,
Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara